Anakuja Mvua Ikinyesha

Jumatatu, 4 Machi. Mvua: milimita 6.

Mwalimu wa jiografia ametuagiza kila mmoja apime mvua muhula mzima. Kopo lenye mdomo ulionyooka, rula, na saa ile ile kila siku. Darasa zima lilicheka, na najua nusu yao watabuni tarakimu siku moja kabla ya kukusanya. Mimi nimeweka kopo la maziwa ya unga juu ya ukuta wa nyuma na kulizungushia mawe lisipeperuke. Kwa kuwa nitashika kalamu kila siku, nimeona niandike na mengine. Nikiongea na watu sentensi hunikatikia katikati. Nikiandika hufika mwisho.

Nyumbani tuko watatu. Mama anafuga kuku. Dada ana miaka ishirini na tisa, ni fundi cherehani, na tangu Baba afariki yeye ndiye anayenisomesha. Chumba cha mbele ndicho cha kazi: cherehani, meza ya kukatia, meza ya pasi, mlango mmoja, dirisha moja. Mwanzo wa muhula sare ni nyingi, anashona mpaka vidole vinavimba.

Halafu yupo Shemeji. Bado hajaoa, lakini nimeshazoea kumwita hivyo. Ni fundi wa majokofu, mkubwa wa mwili, na akiingia kwetu huinama ingawa mlango unamtosha. Wawili kabla yake waliondoka. Mmoja alioa kwingine, wa pili alisema mama yake hataki. Mama anasema huyu naye akiondoka, watu wataacha kuwauliza wanaume na wataanza kumuuliza Dada.

Alhamisi, 7 Machi. Mvua: 0.

Shemeji alikuja, wakakaa barazani. Alimwambia Dada kwamba majokofu yote yanamwogopa isipokuwa la kwake nyumbani. Dada alicheka mpaka akajichoma sindano.

Jumanne, 12 Machi. Mvua: 31.

Umeme ulikatika saa nane, kama kawaida yake mawingu yakikusanyika. Dada akaweka kando pasi ya umeme na kuchukua ya mkaa. Jiko aliliwashia barazani, mvua ilipozidi akaliingiza ndani, mkaa ukiwa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Mlango ukafungwa kwa sababu maji yalikuwa yanarukia vitambaa vyeupe.

Shemeji aliingia ameloa, akakaa kwenye kigoda karibu na meza ya pasi. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, nikimsikia akisimulia habari za mteja aliyeficha viatu ndani ya jokofu ili mumewe asivione. Baadaye sauti yake ikawa nzito. Akaanza kusema maneno mara mbili mbili. Nilipochungulia, alikuwa ameshika kichwa, jasho linamtiririka kama aliyekuwa akibeba magunia.

"Mama," alimwambia Mama, "kuna mtu amenikalia kifuani."

Alisimama, akafika kizingitini, akaanguka. Tulimvuta hadi barazani. Mvua ilipompiga usoni alifungua macho. Baada ya nusu saa alikuwa mzima, ila hakutaka kurudi ndani kuchukua koti lake. Nililichukua mimi. Dada alikuwa amekaa peke yake mle ndani, uso umemwiva, anacheka bila sababu, kisha analia.

Jumatano, 13 Machi. Mvua: 18.

Leo ni zamu ya Dada mwenyewe. Kichwa, kutapika, na maneno yasiyo na mpangilio, akimwambia mtu asiyeonekana amwache amalize kola. Msusi wa nyumba ya pili alikuja kuazima mkasi na akaondoka na habari zote. Yeye ndiye aliyelitaja kwanza. Jini mahaba. Alimweleza Mama kwa sauti ya chini, nami nikasikia: ni jini anayempenda binadamu, humfanya mke wake, na hamwachi mwanamume mwingine akae karibu. Ndiyo maana wawili wa kwanza waliondoka, alisema. Mama alikuwa anahesabu kwa vidole, nadhani miaka.

Jumamosi, 16 Machi. Mvua: 0.

Shemeji alikuja. Jua kali, wakakaa nje. Hakuna kilichotokea. Alisema labda jini naye hafanyi kazi Jumamosi. Lakini kiti chake alikuwa amekivuta mbali kidogo na cha Dada.

Jumanne, 19 Machi. Mvua: 24.

Mama aliingiza vifaranga kumi na wanne chumba cha kazi, kwenye boksi karibu na jiko, wasife kwa baridi. Jioni walikuwa wamekufa kumi na mmoja, wamelala kama waliosinzia, hawana jeraha wala damu. Dada naye kichwa kilimpasuka akalala mapema. Mama aliwazika nyuma ya banda na hakutaka nimsaidie.

Alhamisi, 21 Machi. Mvua: 9.

Mtaalamu amekuja. Ndivyo wote wanavyomwita. Nilitegemea mtu wa kutisha, kumbe ni mzee mpole mwenye viatu vya ofisini na saa ya mkononi, anayesubiri umalize kusema kabla hajasema yeye. Alimuuliza Dada maswali mengi kwa heshima. Anaota nini? Anapenda kukaa peke yake? Amewahi kumchukia mwanamume bila sababu? Kisha akasema jini yupo, ni wa siku nyingi, na ana wivu.

Akauliza nani humu ndani ana mwandiko mzuri. Mama akaninyooshea kidole. Mtaalamu alishika daftari langu la mvua, akalipekua polepole.

"Mwandiko wa karani huu," alisema. "Utaniandikia kila anapokuja. Siku, saa, nani alikuwepo, nani aliumwa. Usiache hata mara moja."

Sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe: nilifurahi.

Ijumaa, 22 Machi. Mvua: 15.

Mtaalamu ameagiza chumba kizibwe, kwa kuwa jini anapita penye upenyo. Nimepika gundi ya unga wa ngano, nimekata magazeti kwa rula, na nimebandika kuzunguka dirisha lote, tabaka tatu, na juu ya mlango panapoonekana mwanga. Mama alisifu kazi yangu. Hata sisimizi hapiti.

Jumanne, 26 Machi. Mvua: 22.

Amekuja, saa tisa hadi saa kumi na moja. Dada peke yake. Amezidi.

Alhamisi, 28 Machi. Mvua: 40.

Njia ya sokoni imejaa maji, mkaa haukupatikana. Dada ameshona vifungo tu. Hakuja.

Jumatatu, 1 Aprili. Mvua: 27.

Nilifanyia hesabu zangu chumba cha kazi ili nisimwache Dada peke yake. Alikuwa anapiga pasi sketi. Baada ya muda tarakimu zilianza kuogelea. Moyo ulikuwa unanidunda masikioni, na nilihisi, naandika kama nilivyohisi, kwamba mtu amekaa nyuma yangu na ananisubiri nigeuke. Sikugeuka. Nilitoka nikatapika kwenye mtaro. Dada aliniuliza kama nimemwona. Nikasema sikumwona, nimemsikia akipumua. Usiku huu nimewaza kama ile ilikuwa pumzi yangu mwenyewe. Lakini nilishasema.

Jumamosi, 6 Aprili. Mvua: 12.

Mtaalamu alikuja kusoma kumbukumbu. Nilikuwa nimegundua jambo na nilijikaza nikamwambia, sentensi nzima bila kukatika: siku zote anakuja mvua kubwa ikinyesha. Mara moja tu ndiyo haikulingana. Mtaalamu akamgeukia Mama, akamwambia kwamba mtoto huyu ana jicho. Ni jini wa maji, alisema, na wa maji hutolewa kwa moto. Ataandaa fukizo la siku saba. Mama alinibusu kipaji cha uso, jambo ambalo hajafanya tangu nikiwa darasa la pili.

Shemeji hajaja wiki mbili. Anatuma salamu.

Jumatano, 10 Aprili. Mvua: 0.

Nguzo ya umeme imeanguka, hakuna umeme tangu jana. Amekuja. Dada alizimia juu ya meza ya pasi na akaungua mkono. Jua lilikuwa linawaka nje.

Alhamisi, 11 Aprili. Mvua: 3.

Dada mkubwa wa Shemeji alikuja, karani wa posta, mwanamke wa sauti ya taratibu. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema wanampenda sana Dada, hawana ubaya naye, ila ndugu yao wanamhitaji akiwa hai. Hilo jambo likiisha mwezi huu, mipango inaendelea. Lisipoisha, kila mtu ashike njia yake bila ugomvi. Dada alimsindikiza hadi njiani, akarudi, akakaa kwenye cherehani, akashona mshono mmoja mrefu kwenye kitambaa kisichokuwa cha mtu yeyote.

Jumapili, 14 Aprili. Mvua: 19.

Fukizo la kwanza. Chumba kimefungwa, Dada amefunikwa blanketi, jiko lenye mkaa na dawa liko katikati ya miguu yake. Saa nzima. Mtaalamu alikaa siku hii ya kwanza barazani, akamwonyesha Mama namna ya kufanya, akaondoka. Dada alitoka hawezi kusimama. Hiyo ni dalili nzuri, tumeambiwa. Jini anapigana.

Jumatatu, 15 Aprili. Mvua: 26.

La pili. Hakunitambua kwa dakika kadhaa.

Jumanne, 16 Aprili. Mvua: 33.

La tatu. Sitaki kuandika.

Alhamisi, 18 Aprili. Mvua: 38.

Naandika haraka kabla sijasahau mpangilio.

Jana jioni nilichora grafu ya mvua ya nusu muhula, ya kukusanywa kesho. Juu ya nguzo za mvua nikatia alama nyekundu siku alizokuja. Zililingana, isipokuwa mbili. Tarehe 28 Machi mvua kubwa kuliko zote, hakuja. Tarehe 10 Aprili jua, akaja. Ningeziacha, kama nilivyoiacha ile ya kwanza mbele ya Mtaalamu. Lakini grafu yenye kasoro huniuma. Nikarudi kusoma nilichoandika siku hizo. Siku moja mkaa haukupatikana. Siku nyingine umeme haukuwapo, na Dada alipiga pasi ya mkaa na chumba kimezibwa.

Leo asubuhi darasani sikusikia hata somo moja. Wakati wa mapumziko ya mchana nilifungua kitabu cha kemia. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Maumivu ya kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, kuzimia, kifo. Aya ile niliijibu kwenye mtihani mwaka jana. Nilipata alama zote.

Sikuomba ruhusa. Nilikimbia. Mvua ilikuwa inanipiga usoni na nilikuwa nahesabu: fukizo huanza saa saba na nusu, na saa nane ilikuwa imepita.

Mama alikuwa barazani, amekaa mbele ya mlango kama alivyoagizwa, anaomba. Nilimwambia afungue. Sentensi haikutoka, ilitoka neno moja tu, mkaa, mkaa. Alinishika mkono. Mama yangu ana nguvu. Alisema ni siku ya tano, siku ya tano ndiyo yenyewe, nikifungua sasa atakuwa ametaabika bure. Nilimuuma. Naandika kwa aibu: nilimuuma Mama mkono, nikasukuma mlango.

Dada alikuwa ameanguka kando, blanketi bado kichwani. Nilipolivuta, midomo yake ilikuwa na rangi ya waridi, nzuri, kama aliyejipaka. Hakuitika. Nilipasua magazeti ya dirisha kwa mkasi wa kukatia, tabaka zangu tatu, nikalifungua dirisha, kisha nikamshika kwapani nikamburuta hadi uani kwenye mvua. Mama alikuwa amesimama mlangoni mikono kichwani. Nilimpiga Dada makofi. Nililitaja jina lake mpaka sauti ikakwama. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitaandika nini kwenye daftari leo, nikajichukia kwa kufikiri hivyo, ndipo akakohoa.

Alitapika. Akanitazama.

"Mbona hukwenda shule?" akauliza.

Jumatatu, 22 Aprili. Mvua: 11.

Mtaalamu alikuja Ijumaa na leo tena. Hakukasirika. Hilo ndilo linalonitisha. Amemwambia Mama kazi imekamilika, siku ya tano ndiyo siku ya kutoka, na ametoka. Mama analia kwa furaha. Nilimwonyesha Mama kitabu. Aliniambia kwa upole nikiweke mbali kwanza, tusije tukaharibu.

Jumanne, 23 Aprili. Mvua: 29.

Dada amenisikiliza. Alisoma aya ya kitabu mara mbili, akiweka kidole chini ya maneno. Umeme ulipokatika aliwasha mkaa, akafungua mlango na dirisha, akapiga pasi mashati ishirini na manne huku mvua ikilowesha sakafu. Hakuumwa. Alipomaliza la mwisho alikaa chini akacheka, kicheko chake mwenyewe. Alisema mimi ndiye mwenye akili ya familia hii. Alisema akina Shemeji wakija tutawaeleza wote wawili, mimi nikianza, yeye atamalizia.

Jumamosi, 4 Mei. Mvua: 2.

Walikuja leo: Shemeji, dada yake mkubwa, na Mtaalamu, ambaye hakuna aliyesema amealikwa na nani. Tulikaa chumba cha kazi. Shemeji amekonda. Alimtazama Dada kama mtu mwenye kiu anavyotazama maji ambayo hajui kama ni safi.

Karani wa posta alisema wamesikia habari njema na wanamshukuru Mungu. Ila yeye ana swali moja.

"Kitu kikitoka mahali, kimekwenda mahali," alisema. "Nataka kujua kimekwenda wapi, kabla ndugu yangu hajaingia humu."

Ndipo nikaanza. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilifungua kitabu, nikasema habari ya mkaa, ya hewa, ya dirisha. Shemeji aliinama kuona ukurasa. Kwa dakika moja nilidhani imewezekana, alikuwa anakumbuka kigoda kile karibu na meza ya pasi. Lakini dada yake alitabasamu, si kwa ubaya.

"Mwanangu, mimi nimepikia mkaa tangu niko urefu wa jiko. Mbona sijaolewa na jini?"

Nikasema, lakini chumba, lakini mlango ulikuwa. Hapo ikakatika. Nikamgeukia Dada amalizie.

Dada alikuwa anachomoa uzi kwenye pindo la gauni lake. Alikuwa anauchomoa kwa makini sana.

Mtaalamu alisafisha koo. Alisema hakupenda kulisema mbele za watu. Siku ya tano kilipokuwa kinatoka, kilikuta mlango umefunguliwa na msichana amesimama njiani. Akawaomba wafikirie wenyewe. Msichana asiyeongea. Asiye na rafiki. Aliyekisikia kikipumua, alisema mwenyewe. Aliyejua siku zake na saa zake kabla ya mtu yeyote, zimeandikwa hapa, kwa mwandiko wake. Aliweka mkono juu ya daftari langu taratibu, kama mtu anayemtuliza mnyama.

Nilimtazama Mama. Alikuwa ananitazama kama anayenitafutia kitu usoni, na nikaona kwamba amekipata.

Uzi wa Dada ulikuwa bado unatoka. Hakuinua macho. Hapo nilielewa kitu ambacho nadhani yeye alikielewa mapema. Kwa watu hawa ilitakiwa kiwe kimekwenda mahali. Kama hakikwenda kokote, bado kiko kwake, na Shemeji ataondoka leo, naye atabaki kwenye cherehani ile hadi macho yafifie. Angeweza kuniambia. Hakuniomba hata kwa jicho. Alikaa tu, akaniachia.

"Anakuja kwako?" karani wa posta aliniuliza. Aliuliza kwa huruma ya kweli.

"Ndiyo," nikasema.

Ni sentensi fupi. Ilifika mwisho bila shida.

Shemeji alishusha pumzi ndefu. Wakaanza kupanga tarehe.

Jumatatu, 6 Mei. Mvua: 0.

Msusi hakukaa na habari. Jirani yangu wa dawati amehamia mstari wa nyuma. Alisema hapa jua linampiga. Mwalimu wa jiografia amenirudishia grafu, amesema ni bora kuliko zote, akauliza alama nyekundu ni za nini. Nikasema ni makosa.

Jumapili, 12 Mei. Mvua: 0.

Dada alinifuata bandani nikiwalisha kuku. Alisema akishatulia kwake, akishapata mtoto, atamwambia mumewe kila kitu, taratibu. Nikasema sawa. Alisema nimfahamu. Nikasema namfahamu, na ni kweli, na hilo halinisaidii.

Jumamosi, 18 Mei. Mvua: 0.

Dada ameolewa leo. Gauni alilishona mwenyewe, mikono mirefu kuficha lile kovu. Chumba cha kazi kilijaa wanawake, dirisha wazi, kila mtu anaongea kwa wakati mmoja, Mama anacheka na watu ambao mwezi uliopita hawakumsalimia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Dada mbele ya kioo, nimeshika pini.

Shela lilikuwa limepinda upande wa kushoto. Nilinyoosha mkono nilinyooshe.

Dada alisogeza kichwa. Kidogo tu, upana wa vidole viwili, kama mtu anavyokwepa nzi bila kufikiri. Mkono wangu ukabaki hewani.

Macho yetu yalikutana kwenye kioo. Anajua ninachojua. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua. Nilisubiri aone alichofanya, akirudishe kichwa mahali pake.

Alimwita msusi, na msusi akalinyoosha shela.